Foleni Haipigiwi Kura

Tuanze na swali la steji. Sacco mbili za matatu zinaungana. Moja ina magari sitini, nyingine thelathini. Kuanzia Jumatatu steji ni moja na foleni ni moja. Nani anapakia kwanza? Wale wa sitini wanasema: tupige kura. Bila shaka watasema hivyo. Kura wanayo mfukoni tayari.

Mimi nauita huo wizi, hata ukiwa na sanduku la kura na karani wa kuhesabu. Na kama unadhani ni mambo ya madereva na makanga pekee, twende Marekani, kwa watu wanaovaa mistari ya dhahabu begani na kuitwa kapteni. Walifanya jambo lile lile, wakapoteza miaka kumi na moja, na wakampa mwajiri zawadi ambayo hata hakuiomba.

Kwanza uelewe foleni ya rubani. Katika kampuni kubwa za ndege za Marekani, rubani hapandi kwa sababu bosi amempenda. Siku anayoajiriwa anapewa namba kwenye orodha ya ukongwe. Walio mbele wakistaafu, anasogea. Namba hiyo ndiyo inaamua ataendesha ndege gani, ataishi akitumikia mji gani, atakuwa kapteni lini au atabaki kiti cha kulia kama rubani msaidizi, atakula Krismasi na watoto wake au na kuta za hoteli. Mshahara unafuata ukubwa wa ndege na kiti ulichokalia, kwa hiyo namba ni pesa. Na biashara ikiharibika, wanaotolewa kwanza ni wa mkiani.

Halafu namba hii haihamishiki. Mhasibu mwenye miaka ishirini akihama benki, anahama na uzoefu wake, pengine hata anaongezwa mshahara. Rubani mwenye miaka ishirini akihamia kampuni nyingine kubwa anaanza chini kabisa, nyuma ya kijana aliyeajiriwa wiki jana. Maisha yake yote ameyaweka kwenye orodha moja. Sasa fikiria siku orodha mbili zinapotakiwa ziwe moja.

Najua vile kijana wa Nairobi anasikia neno ukongwe. Anaona mzee ofisini aliyekalia kiti tangu enzi za taipureta, hajui kutuma barua pepe, na hastaafu. Utasema: si kila mtu apande kwa uwezo wake tu, sindio? Sawa. Lakini nani atapima huo uwezo? Atapima bosi. Na ndege si ofisi. Rubani anayekataa kupaa kwa sababu kuna hitilafu kwenye injini anamkasirisha mtu anayehesabu tiketi. Kama cheo chake kinategemea huyo mtu anamwonaje, siku moja atanyamaza, atapaa. Orodha ni ya kijinga, haijui nani mcheshi wala nani mkabila wala nani anacheza gofu na mkurugenzi, na ujinga huo ndio unatulinda sisi tulioketi nyuma tukifunga mikanda. Kwa hiyo mimi sipigani na orodha. Napigana na watu walioona orodha haiwafai, wakatafuta wingi wa kuipindua.

Haya, kisa chenyewe.

Mwaka 2005 US Airways ilikuwa hoi. Ilikuwa imekimbilia ulinzi wa mahakama ya kufilisika mwaka 2002, ikatoka, ikarudi tena 2004. Mfuko wa pensheni wa marubani wake ulivunjwa mwaka 2003. Mishahara ilikuwa imekatwa, na takriban marubani 1,700 walikuwa nyumbani bila malipo wakingoja kuitwa. Kule Arizona kulikuwa na America West, kampuni ndogo zaidi lakini iliyosimama kwa miguu yake, bila rubani yeyote aliyewekwa kando. Septemba mwaka huo zikaungana. Jina lililobaki ni US Airways, uongozi uliobaki ni wa America West. Marubani wa kampuni ya kwanza wakaitwa wa Mashariki, wa pili wakaitwa wa Magharibi. Wa Mashariki walikuwa wengi kuliko wenzao kwa mbali.

Wote walikuwa wanachama wa chama kimoja, ALPA, na chama kilikuwa na utaratibu unaojulikana: zungumzeni, mkishindwa, tafuteni mpatanishi, mkishindwa tena, mwamuzi atakata shauri na neno lake litakuwa la mwisho. Wakazungumza, wakashindwa. Wakaenda kwa George Nicolau, mzee aliyebobea katika migogoro ya kazi, aliyewahi kuamua kesi kubwa za wachezaji wa besiboli dhidi ya wamiliki wa timu.

Mashariki walitaka kitu rahisi: tarehe ya kuajiriwa. Aliyeingia kwanza akae mbele, basi. Magharibi wakajibu: tarehe ya kuingia kwenye nyumba inayoungua haiwezi kukupa chumba kizuri kwenye nyumba yetu. Mlikuwa karibu kufa, sisi tulikuwa hai, na tukipangwa kwa tarehe, kapteni wetu atasukumwa chini na mtu ambaye siku ya ndoa hakuwa na kazi.

Mei 2007 Nicolau akatoa orodha. Juu kabisa aliweka marubani takriban 500 wa Mashariki, kwa sababu wao ndio walikuwa na ndege kubwa za safari za mbali ambazo Magharibi hawakuwa nazo. Chini kabisa akaweka wale wa Mashariki waliokuwa nyumbani bila kazi. Waliobaki katikati akawachanganya kulingana na nafasi ya kila mmoja kwenye orodha yake ya zamani.

Iliuma, na sitajifanya haikuuma. Rubani wa Mashariki aliyeajiriwa miaka ya 1980 angeweza kujikuta jirani na mwenzake wa Magharibi ambaye wino wa barua yake ya ajira haujakauka. Mmoja wa marubani walioketi na Nicolau kwenye jopo alitofautiana naye kwa sehemu. Isitoshe, Mashariki walikuwa wazee zaidi, na walitarajia wenzao wakistaafu nafasi ziwe zao. Sasa nafasi hizo zingegawanywa. Kisha Desemba 2007 Marekani ikapandisha umri wa kustaafu wa marubani kutoka miaka 60 hadi 65, na foleni nzima ikakwama. Mtu aliyepoteza pensheni, akapoteza mshahara, sasa anaambiwa apoteze na namba. Ningekuwa yeye ningepiga meza.

Lakini kupiga meza ni jambo moja, kuipindua ni jingine. Walikubali mwamuzi kabla ya kujua ataamua nini. Kama uamuzi ungeenda upande wao, wangewaambia Magharibi wautii. Wahenga walimaliza: asiyekubali kushindwa si mshindani.

Mashariki hawakukubali. Walitazama hesabu, wakaona sisi ni wengi. Wakaanzisha chama chao, USAPA, ahadi yake kubwa ikiwa tarehe ya kuajiriwa. Aprili 2008 kikashinda uchaguzi, kikaitoa ALPA, kikawa ndicho chama pekee kisheria cha kuwasemea marubani wote, Mashariki na Magharibi. Magharibi walilala wakiwa na uamuzi mkononi, wakaamka wakiwakilishwa na watu walioapa kuuchana.

Hapa ndipo mambo yanakuwa machungu zaidi. Makubaliano ya muungano yalisema orodha mpya itaanza kutumika pale tu marubani wote watakapopata mkataba mmoja wa kazi. Bila mkataba mmoja, hakuna orodha ya Nicolau. Kwa hiyo mkataba haukuja. Miaka ikapita. Kampuni moja, rangi moja ya ndege, vitabu viwili vya masharti. Mashariki waliendelea kuruka kwa mshahara uliopangwa wakati wa kufilisika. Ili Magharibi wasipate kile mwamuzi alichowapa, Mashariki walikubali kubaki na kile mahakama ya kufilisika iliwaachia.

Nani alicheka? Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Usimamizi haukuhitaji kuwagawanya wafanyakazi, walijigawa wenyewe na kujilipia nauli. Kila mwezi mkataba ulipochelewa, kampuni ilipata rubani wa ndege kubwa kwa bei ya dukani kwa muhindi siku ya mnada.

Unataka kujua ni watu gani hao waliokuwa wakilipwa hivyo? Unawajua. Tarehe 15 Januari 2009 ndege ya US Airways, safari namba 1549, iligonga kundi la bata bukini baada ya kupaa New York, injini zote mbili zikapoteza nguvu, na Chesley Sullenberger na msaidizi wake Jeffrey Skiles wakaitua juu ya mto Hudson. Watu 155 ndani, wote wakatoka hai. Wote wawili walikuwa marubani wa Mashariki. Na kwenye redio waliitwa Cactus 1549, jina la mwito lililorithiwa kutoka America West, kampuni ya Magharibi. Dunia ilipiga makofi. Wiki chache baadaye, Februari, Sullenberger aliketi mbele ya kamati ya bunge la Marekani akaeleza kwamba mshahara wake ulikuwa umekatwa kwa asilimia 40 na pensheni yake kufutwa. Skiles akaeleza kwamba yeye hufanya pia kazi ya ukandarasi wa ujenzi. Shujaa wa dunia, na pembeni ana saiti ya mjengo!

Marubani waliopendwa na nchi nzima namna hiyo wangeweza kwenda kwa mwajiri kwa sauti moja na kudai chochote. Haikuwepo sauti moja. Miezi minne baada ya Hudson, Mei 2009, walikuwa wakibishana mbele ya juri huko Phoenix: wa Magharibi walikuwa wamekishtaki chama chao wenyewe. Juri likasema chama kimekosa. Juni 2010 mahakama ya rufaa ikabatilisha, kwa hoja kwamba mapema mno kuamua, maana mkataba wenyewe haujapatikana. Umeona ujanja? Chama kinakwamisha mkataba, halafu kukosekana kwa mkataba kunakilinda. Desemba 2013 US Airways ikaungana na American Airlines na foleni ikaanza upya, sasa na kundi la tatu. Mwaka 2014 USAPA ikapoteza nafasi ya kuwawakilisha marubani. Mwaka 2015 mahakama ile ile ya rufaa ikasema USAPA ilikiuka wajibu wake kwa marubani wa Magharibi. Orodha moja ya wote ilitolewa Septemba 2016, na jopo la waamuzi watatu. Waamuzi, tena. Miaka kumi na moja baadaye walirudi kwenye meza ile ile waliyoikimbia, isipokuwa wengine walikuwa wamestaafu njiani.

Kuna atakayesema: lakini chama ni cha wengi, na wengi wape, usipowapa watachukua kwa mikono yao. Methali hiyo inaeleza vile wengi hufanya. Haisemi wana haki.

Na sheria ya Marekani ilijifunza hili kupitia foleni hasa, kwa aibu kubwa. Mwaka 1941 chama cha wachochea moto wa treni kiliafikiana na kampuni za reli za kusini kwamba weusi hawatazidi nusu ya wachochea moto katika kila aina ya kazi. Wazungu ndio walikuwa wengi; weusi hawakuruhusiwa hata kuwa wanachama, ingawa chama hicho ndicho kilichowasemea kisheria. Bester Steele, mweusi wa Alabama mwenye ukongwe wake kwenye reli, alitolewa kwenye zamu nzuri akapewa kazi ngumu zaidi yenye malipo duni, na nafasi yake wakapewa wazungu waliokuwa nyuma yake kwenye foleni. Wakili Charles Hamilton Houston akaipeleka kesi hadi Mahakama ya Juu kabisa, na Desemba 1944 mahakama ikasema: chama kinachopewa na sheria mamlaka ya kuwasemea wote, lazima kiwatendee wote kwa haki, hata wale wasiokipigia kura. Sheria hiyo ya reli ndiyo inayoongoza pia kampuni za ndege.

Sisemi marubani wa Mashariki walikuwa kama wale wabaguzi wa Alabama. Hawakuwa. Nasema silaha ni ile ile: wingi unaotumika kumtoa mtu kwenye nafasi aliyoipata kwa utaratibu. Silaha hiyo haiulizi aliyeishika ana moyo mzuri au mbaya.

Na tazama upande wa pili wa shilingi. Mwaka 2001 American ilinunua TWA, kampuni kongwe iliyokuwa imefilisika. Marubani wa American walikuwa wengi, na wao ndio waliokuwa na nguvu. Zaidi ya marubani 1,000 wa TWA wakabandikwa mkiani mwa orodha, nyuma ya kila mtu. Wahudumu wa ndege wa TWA wakabandikwa mkiani wote. Baada ya Septemba 11 kazi zikaanza kukatwa, na zinakatwa kuanzia mkiani. Unajua waliofutwa. Ilibidi maseneta wawili wa Missouri, McCaskill wa chama kimoja na Bond wa kingine, wapitishe sheria mwaka 2007 kwamba kampuni za ndege zikiungana, orodha zichanganywe kwa njia ya haki, na pande zikishindwa, kuwe na mwamuzi. Sheria hiyo ilikuja imechelewa kwa TWA. Iliwafaa waliokuja baadaye, wakiwemo hawa wa 2016.

Utasema haya ni ya wazungu na ndege zao. Hebu ngoja. Hapa kwetu Kenya Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema mwajiri akipunguza wafanyakazi kwa kukosa kazi, azingatie muda wa mtu kazini pamoja na ujuzi, uwezo na uaminifu wake. Sawa kabisa, kama mwajiri ni mmoja. Benki mbili zikiungana, kama NIC na CBA zilivyozaa NCBA mwaka 2019, muda wa nani unahesabiwa, na dhidi ya nani? Kijana wa miaka minne kwenye benki iliyonunua na mama wa miaka kumi na mbili kwenye benki iliyonunuliwa, dawati limebaki moja. Hilo halitajibiwa na kifungu kimoja. Litajibiwa na mkataba, kama mna chama na kama chama kiliwahi kufikiria.

Marubani wa Kenya Airways walipogoma Novemba 2022, wakidai pamoja na mengine michango ya akiba yao ya uzeeni irudishwe, wengi tuliuliza ati wenye mishahara minono wanalia nini. Mimi naona swali hilo linatuponza sisi wenyewe. Mtu mwenye mkataba akivunjiwa ahadi, asiye na mkataba hana cha kushangilia. Wengi wetu tunafanya kazi za miezi mitatu mitatu, hatuna namba kwenye orodha yoyote. Hatuko mkiani mwa foleni. Hatuko kwenye foleni. Ndiyo maana tunaona rahisi kudharau foleni za wenzetu.

Basi ninachosema ni hiki, na nakisema kwa kila chama cha wafanyakazi, kuanzia steji hadi rubaa za ndege: andikeni sheria ya foleni kabla ya muungano, wakati hakuna anayejua atasimama wapi. Siku ya muungano mmeshachelewa. Siku hiyo kila mtu anapigia kura tumbo lake. Mkikubali mwamuzi, kubalini na uamuzi, hata ukiwauma, hasa ukiwauma. Na kiongozi yeyote anayekuja kwenu na ahadi kwamba wingi wenu utawapa kile ambacho haki haikuwapa, muulizeni swali moja tu: wakati sisi tunapigana na wenzetu, mkataba mpya na mwajiri utatiwa saini lini?

Akikohoa, mtoeni. Hiyo ndiyo kura inayofaa kupigwa.